Vitabu Vyako vya Mashetani Viko Salama

Baba Njoki,

Pumua sasa. Vitabu vyako viko salama vyote, kwenye kabati palepale ulipoviacha, na mimi leo nimelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Jumamosi ndugu yako Kariuki alikuja na watu wa ushirika wake kuiombea nyumba. Unamjua tangu aokoke. Nyumba ya marehemu lazima isafishwe, na chochote chenye giza kitolewe nje kichomwe. Nilijua anachotafuta. Aliziona zamani hizo riwaya zako za majumba yenye mizimu, akamwona yule mwanamke asiye na macho kwenye jalada, na hajamsahau hata siku moja. Na mimi nilikuwa nimekuahidi pale hospitalini, umenishika mkono. "Mama Njoki, vitabu vyangu visiguswe." Hukuuliza habari ya nyumba wala ya shamba. Nilikasirika, lakini niliahidi.

Kuwakatalia singeweza. Mjane akiwafungia watu wa maombi mlango hapa mtaani Jericho, kesho yake sokoni wanasema ni yeye aliyemmaliza mumewe.

Sasa kumbuka ugomvi wetu wa Januari ile. Wewe uko hotelini unahudumia meza, mimi nafunika vitabu vya shule vya Njoki, na karatasi ya kaki ikabaki. Nikasema wacha nifunike na vya baba yake, nimechoka kuangaliwa na maiti nikipika. Uliporudi ulishika kichwa. "Jalada ndilo uso wa kitabu, mama. Toleo la kwanza, mwandishi mwenyewe ametia sahihi, unakivalisha kama cha darasa la tatu?" Ukaninunia wiki nzima. Nilielewa uchungu wako. Ulikuwa unavinunua kwa wazungu wanaorudi kwao, unavituma kwa posta hadi Ulaya vikatiwe sahihi, halafu unangoja miezi huku huna raha. Lakini kuvifunua nilikataa, na wewe uliogopa ukivuta selotepu ungechana majalada. Vikabaki hivyo.

Basi Kariuki akafungua kabati. Mimi nimesimama na birika, roho iko mkononi. Akaona kaki tupu. Akavuta kimoja nusu, akaniuliza, "Vya Njoki hivi?"

Nikamwambia, "Shemeji, chai inapoa."

Akakirudisha, tena akakipangusa vumbi. Nani atachoma vitabu vya mtoto wa shule? Na kwa vile hawangeweza kuondoka bila kuchoma kitu, walichukua kalenda ya duka la dawa, ile yenye nyoka amejizungusha kwenye fimbo. Wakaichoma uani wakiimba. Sasa hata sijui leo ni tarehe ngapi.

Walipoenda nilifunga mlango nikacheka mpaka machozi. Nikageuka kukusimulia, maana ni wewe ungeipenda hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Hapo kicheko kikaisha, nikalia kweli.

Njoki alinikuta hivyo. Akatoa kimoja, akafungua ule ukurasa wa sahihi, akanisomea: kwa rafiki yangu wa Nairobi, usikisome taa ikiwa imezimwa. Na jina lako limeandikwa hapo kwa wino, na mtu ambaye hamkuonana maishani. Akalipitishia kidole polepole. Akauliza kama vitakuwa vyake. Nimesema ndiyo.

Kwa hivyo pumzika, mume wangu. Siviuzi, na sivifunui, bado vinanitisha. Januari nikifunika vitabu vya Njoki, vyako nitaviongezea karatasi mpya juu ya ile ya zamani, na safari hii nitaandika kwenye kila kimoja: Njoki, Hesabu.

Ukitaka kuninunia, ninunie. Hata wiki nzima.

Mimi wako,
Mama Njoki