Mama Amemwona Popo Wako

Baba yangu mpenzi,

Mama amekwenda Pemba na kurudi. Najua ungecheka, maana huyu ndiye mama ambaye hata kivuko cha Likoni alikipanda macho kayafumba.

Unakumbuka ulivyotuhadithia? Ulikuwa fundi wa mawe, kijana hujaoa, ukapelekwa Pemba kujenga shule. Huko ukamwona popo mwenye uso wa mbwa na manyoya mekundu, ananing'inia mchana kweupe akijipepea kwa bawa lake. Sisi wanao tuliwajua popo wa kwetu Mishomoroni tu, wale wadogo wanaotudondoshea matunda ya kungu uani. Ulipoona hatukuelewi, ulitwaa shuka ya kitandani, ukaifunga mikononi, ukarukaruka uani mpaka kuku wakatawanyika.

"Baba Dama, shuka yangu!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Na uongo wako usiwafunze watoto!"

"Haki ya Mungu, mke wangu, nimemwona kwa macho haya."

Mlibishana hivyo miaka yote, na nadhani nyote wawili mliupenda ubishi ule. Hata ulipolazwa ulimwambia, "Nikipona nitakupeleka ukamwone." Hukupona, Baba.

Siku ya matanga watu walikaa wakikumbuka hadithi zako. Shemeji yangu mmoja akacheka, akasema mzee alikuwa bingwa wa kutia chumvi, akataja popo. Mama, ambaye tangu tukuzike hakuwa ametoa neno wala chozi, aliinuka mkekani.

"Mimi naweza kumwita muongo," akasema. "Wewe huwezi."

Baada ya hapo alijifungia ndani. Mahamri hakukaanga tena, kanisani hakwenda, chakula alikigusa tu na kukirudisha. Nilianza kuogopa kwamba nitawapoteza nyote wawili. Asubuhi moja akaniita, nikaitika abee. Akaniuliza, "Dama, Pemba huendwa vipi?"

Tulipanda basi hadi Tanga, kisha meli. Alitapika njia nzima, lakini hakusema turudi. Huko Pemba tuliulizia popo, tukaelekezwa kijiji kimoja, tukapokewa na mama mmoja anayeulinda msitu wao. Alituambia zamani popo hawa waliliwa sana, karibu wamalizike. Sasa kijiji kinawatunza. Kisha akasimama chini ya mti mrefu, akanyoosha kidole.

Walikuwa wengi, Baba, wamening'inia kama vifurushi. Mmoja akafungua bawa polepole, jua likapenya ndani yake tukaona mishipa. Akajipepea. Uso wake ulikuwa wa mbwa kabisa, manyoya mekundu, macho yakitutazama bila haraka.

Mama aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini kwenye majani, na kicheko kikageuka kilio. Alikulilia pale, leso mdomoni ili asiwashtue popo wako. Yule mwenyeji akaketi kando yake akamshika bega. Mimi nilisimama tu, nikilia nami.

Alipotulia nilitoa simu nimpige picha popo, tukamwonyeshe shemeji. Mama akanizuia. "Muache. Akitaka kuona, naye atapike mpaka Pemba."

Sasa anakaanga mahamri tena, Baba, na Jumapili anaimba. Nyumba bado inakutafuta. Kuna jioni nasikia kikohozi cha jirani, nageuka nikidhani ni wewe unaingia. Lakini simwogopei Mama tena kama nilivyokuwa nikimwogopea.

Kuna jambo moja tu nilitaka ulijue. Kwenye meli ya kurudi nilimuuliza, "Mama, na kama tungekuta hakuna popo?"

Alifikiri kidogo, akitazama maji aliyokuwa akiyaogopa.

"Ningerudi nikasema nimemwona."

Pumzika kwa amani, Baba. Mkeo yuko salama.

Ni mimi bintiyo,
kifungua mimba wako.