Nguo ya Safi Katika Mstari

Ijumaa, 14 Mei 1976
Mwenzangu Safi amezikwa. Damu ilimtoka tangu juzi, ikamchukua yeye na mimba yake. Mama yake, Mama Hadidja, hakulia mbele za watu. Mimi nililia hadi wakanitoa nje. Msibani wanasema malaria. Haya, malaria! Sisi wachezaji wa animasyo, ngoma za kukisifu chama, tunajua. Mwezi wa pili tulimchezea mkubwa mmoja wa Kinshasa, akamwonyesha Safi kwa kidole, na jioni gari likaja kumchukua. Aliporudi hakucheka tena na mtu. Hata na mimi.

Jumatatu, 17 Mei
Nguo zake zimetolewa sadaka. Imebaki sare ya kuchezea tu — blauzi ya kijani na kikwembe chake cha kujifunga kiunoni — kwa kuwa ni mali ya chama. Tambwe, kiongozi wetu, ameileta kwenye mashini yangu ya kushonea. Niipunguze, imkae msichana mwingine kutoka Kalima. Nikamwambia nguo hii ina mwenyewe. Hakukasirika.
— Riziki, wageni hawaangalie sura. Wanaangalia mustari. Mustari ukitimia, inatosha.
Inatosha! Blauzi hii niliishona mimi. Kiuno cha Safi nakijua kuliko changu. Sikukata hata uzi.

Jumatano, 19 Mei
Nimekwenda kwa Mama Hadidja kumweleza ninalotaka kufanya. Aliipakata blauzi muda mrefu, nikaogopa atanikataza.
— Watu wamuone mutoto wangu.
Basi. Nimepitisha ufito mabegani mwa blauzi, kikwembe nimekishonea chini yake. Juu hakuna kichwa. Wenzangu wote wamekubali kumwachia Safi nafasi yake mstarini. Yule wa Kalima atajifanya mgonjwa.

Alhamisi, 20 Mei
Sikukuu ya chama. Nilicheza nimeishika nguo tupu kando yangu, pale pale alipokuwa akisimama. Mtaa wetu wote wa Kasuku ulikuwa uwanjani. Wanawake wa sokoni walielewa, mmoja akajifunika uso. Nikamwambia moyoni: leo wamekuona, dada.

Tukafika mbele ya mgeni, mkubwa mwingine wa Kinshasa. Akacheka. Akasimama, akapiga makofi — alidhani ni mchezo mpya! Tambwe alikuwa amekunja uso, lakini kuona hivyo naye akapiga. Kisha uwanja mzima. Sijawahi kuumia hivi, hata siku ya maziko. Tumemfanya Safi kichekesho.

Saa kumi jioni. Naandika mbiombio. Mama Hadidja alikuja kulia nami, na sasa Tambwe yuko mlangoni, ameoga, ana adabu nyingi.
— Mukubwa amefurahi sana. Anauliza nani alishona ile nguo. Anataka kukupongeza kule anakolala. Gari iko inje.
Anasema niende nimeivaa nguo ya Safi.

Mama Hadidja ameketi kizingitini, amenyoosha miguu. Tambwe anamwomba apishe nipite, anamwita mama, anamwomba tena. Hapishi. Dereva amechoka kungoja, amezima mota.