Mwanamke wa Nne Kwenye Benchi

Chumba cha uani,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
S.L.P. 214.
9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu nyingi, na kabla ya lolote niambie: mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha shemeji, bado kinamsumbua kila baridi ikiingia? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na ananuna vizuri zaidi. Shemeji yako hajambo, ila analalamika kwamba tangu wiki iliyopita siongeleki. Ni kweli. Nimekasirika, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Nilikuandikia kwamba zahanati imeniita nichore picha kwenye ukuta wa chumba cha kungojea, upande wa kliniki ya wazazi. Walitaka akina mama wenye furaha. Nikasema sawa, lakini kwanza nikakaa kwenye benchi lao siku tatu nikiwatazama wanaongojea. Dada, si wote waliokuwa na furaha.

Basi nikachora benchi lile lile na wanawake wanne. Wa kwanza ananyonyesha huku anasinzia. Wa pili ana mimba kubwa, kavua viatu. Wa tatu kashika kadi ya kliniki iliyochakaa pembeni, hana mimba wala mtoto. Huyo ni mimi, miaka saba ya kuitwa na kurudishwa, miaka saba ya mawifi kunitazama tumbo kabla ya uso. Wa nne ana shali ya mtoto mapajani, imekunjwa vizuri, haina kitu ndani.

Siku ya ukaguzi msimamizi wa zahanati alikuja na kikombe chake cha chai, akapitisha macho ukutani, akasimama kwa yule wa nne. "Kazi nzuri, fundi. Ila huyu umemsahau mtoto wake."

Nikamweleza kwamba sikusahau. Akacheka, akidhani ni utani. Alipoona sicheki akasema, "Sasa shida iko wapi? Mwekee mtoto hapo, ukuta upendeze."

Mwekee mtoto! Kama mtu anayeomba kuongezewa sukari! Ndivyo tunavyoambiwa siku zote: zaa, zaa mwingine, utasahau. Nikamjibu kwamba rangi ya kumwekea mtoto sina, amuulize mkunga kama anayo stoo. Mkunga aligeuka akajifanya anapanga kadi, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Msimamizi hakucheka. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi: nimchore mtoto, au atamwita fundi rangi wa majengo aufute ukuta mzima.

Lakini nisikudanganye, hasira hii haikuanza naye. Ilianza nyumbani kwetu, siku uliporudi kutoka hospitali umekumbatia shali. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Shangazi aliichukua mikononi mwako hata hujakaa, akaifungia sandukuni, akatukataza sote kulitaja jambo hilo. Kisha ukatumwa jikoni kumenya viazi kwa sababu kuna wageni. Viazi, Dada! Hakuna aliyekuuliza chochote. Hata mimi sikuuliza, wala baadaye nilipokuwa mtu mzima, na hilo naona haya kulikiri.

Umeshaelewa, najua. Shali ya ukutani ni ya kijani, yenye pindo la njano. Mikono ile ni yako. Nimekuchora bila kukuomba ruhusa, mimi ninayewatolea wengine povu. Kwa hilo nigombeze, ni haki yako.

Ila sikia na haya. Mama mfagizi, anayeupangusa ukuta ule kila asubuhi, anasema pale kwenye shali rangi imeanza kufifia kwa kuguswa. Wanawake wakiitwa ndani, wengine hupitisha mkono hapo kimya kimya, wakaenda zao.

Na juzi nilimpeleka Mama kupima presha. Nilipotoka kuchukua dawa nikamkuta kaketi chini ya yule wa nne, mkono mmoja ameuinua ukutani. Tulipofika barabarani akanigeukia. "Pindo umekosea," akaniambia. "Lile nilishona mimi. Lilikuwa jeupe." Baada ya miaka ishirini na moja, Dada, ndiyo mara ya kwanza kulitaja. Kesho yake nilirudi na ngazi nikalirekebisha.

Kwa hiyo niandikie upesi, kabla mwezi haujaisha. Jibu lako ndilo ninaloliogopa, si la yule bwana. Ukisema utoke ukutani, nitakutoa kwa mkono wangu, hakuna fundi wa majengo atakayekugusa. Ukisema ubaki, nitaketi chini yako na ndoo zangu, na mkunga na mama mfagizi wameapa kuketi nami. Lakini mtoto simchori.

Msalimie shemeji, na mwanao, yule bingwa wa kubishana na walimu. Shangazi anakusalimu, nami nazifikisha salamu zake kwa shingo upande. Mama hakutuma salamu, ametuma kipande cha uzi mweupe, kimo ndani ya bahasha. Mungu akulinde unapolala na unapoamka.

Ni mimi nikupendaye, mchafua kuta wa tangu utotoni,

Kipaku

Hili usilijibu kama hutaki, lakini nisipouliza sasa nitakufa sijauliza: alikuwa wa kike au wa kiume? Na ulikuwa umempa jina?