Kofia ya Baba Mkwe Iko Ndani ya Sanduku Langu

Kamukuywa,
11 Mei 1954

Mpendwa Bi Zuena,

Pokea salamu zangu nyingi, na ukishazipokea naomba unisaidie upesi kabla mwisho wa mwezi haujafika, maana bwana yangu atakuja kutoka Kitale na mimi sijui nitaanzia wapi kumweleza kwamba nimempiga baba yake kwa mwiko. Tafadhali usinicheke. Jina langu usiliandike, niite tu Mama Cherehani, kwa sababu huku likifika gazeti moja linasomwa na soko zima.

Nianze mwanzo. Bwana yangu ni karani kwenye ghala la mahindi huko Kitale, anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na mimi nakaa hapa nalima na kushona, kwa kuwa mwaka juzi alininunulia cherehani na hiyo cherehani ndiyo heshima yangu, nashona nguo za harusi, sare za shule, hata mapazia ya mwalimu mkuu nimeshona mimi. Sasa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, watu wote tukiwa kanisani, mwizi akaja akatoboa ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha kulala, udongo ulikuwa umelowa mvua kwa hiyo hakupata taabu, akakata fito kwa panga, akachukua blanketi mbili na pasi na koti ambalo bwana yangu alivaa siku ya harusi yetu, halafu akataka kutoa na cherehani lakini mlango nilikuwa nimeufunga kwa kufuli nje na tundu alilotoboa lilikuwa dogo, cherehani ikakwama, akaiacha imelala kifudifudi nusu ndani nusu nje, na ndivyo nilivyoikuta nikiwa bado nimeshika Biblia. Nililia, Bi Zuena, na si kwa ajili ya blanketi. Nililia kwa sababu kila mtu aliyekuja kunipa pole aliangalia cherehani, akaangalia tundu, akasema maneno yale yale: "Pole sana, lakini huyu atarudi. Si amejua kipimo sasa?"

Nikamwandikia bwana yangu aje azibe tundu, maana mimi kukandika udongo naweza na najulikana kwa kukandika, lakini kufunga fito za ukuta kwetu ni kazi ya mwanamume, na shemeji zangu wote wako kwenye mashamba ya wazungu upande wa Kitale. Yeye akajibu kwamba safari hii mkubwa wake hampi ruhusa hata mwisho wa mwezi wa nne, mpaka mwisho wa mwezi wa tano, nisimamishe kabati mbele ya tundu nivumilie, na chini akaandika maneno haya ambayo bado ninayo: "Kaa tayari. Ukiona mtu nyuma ya nyumba usimsalimie. Piga kwanza, jina utamuuliza akiwa chini." Wewe utauliza kwa nini sikumwomba baba mkwe, boma lake liko hapa hapa, tunatenganishwa na migomba tu. Bi Zuena, wewe ni mtu wa mjini, labda hujui. Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hatuli pamoja, hatusalimiani kwa mkono, na ukuta wa chumba changu cha kulala ni mahali ambapo hata macho yake hayapaswi kufika. Ni mzee wa heshima sana, mpole, anavaa kofia ya pama ya rangi ya majani makavu asubuhi mpaka jioni, na miaka sita niliyoolewa hapa sijawahi kumwona kichwa wazi.

Basi tarehe mbili mwezi huu, Jumapili, nikafunga kufuli, nikatoka na jirani yangu Dinah kwenda kanisani, lakini tulipofika kijitoni moyo ukakataa, nikamwambia Dinah tangulia, nimesahau leso, nikarudi nikipita katikati ya mahindi ili nisionekane. Nikasikia kitu nyuma ya nyumba, kah, kah, kama panga linagonga mti. Nikaingia jikoni polepole, nikachukua ule mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa matanga, nikazunguka, nikaona mwanamume amechuchumaa kwenye tundu langu, amenipa mgongo, amejifunika gunia kuanzia kichwani kwa ajili ya manyunyu. Nikakumbuka barua ya bwana yangu. Sikusalimia. Nilimpiga la kwanza begani, la pili kichwani, na la tatu lilikuwa njiani gunia lilipoanguka, na kofia ikaanguka, na nikaona kipara cha baba mkwe wangu.

Alijifunika uso kwa mikono yenye udongo kama kwamba yeye ndiye amekosa, akainama, akaingia kwenye mahindi akaenda zake. Mimi nikabaki na mwiko wangu. Ndipo nikaona fito mpya amezichonga vizuri, na kamba, na panga lake alilolisahau, na fito mbili tayari amezifunga. Alikuwa ananizibia tundu, Bi Zuena! Alingoja mpaka niende kanisani ili asiwe karibu na chumba changu nikiwapo, akakosa ibada, akanyeshewa, na mimi nikamlipa kwa mwiko.

Tangu siku hiyo hatujaonana. Amefunga bega kwa kitambaa na watu wakimuuliza anasema, "Si ni ile ng'ombe nyeusi, bana, ilinisukuma kwa zizi." Wakiuliza kofia anasema ati imechukuliwa na upepo. Kwenda sokoni anazunguka njia ya chini ya kinamasi asipite mbele ya kwangu. Nilipika kuku nikampelekea mama mkwe, kuku akarudi mzima, baba amesema ameshiba. Kofia nimeificha ndani ya sanduku langu chini ya vitambaa vya wateja na kila nikitafuta kitambaa naiona, na kulala silali. Nilitaka kumwambia mama mkwe, lakini yeye, ingawa ni mtu mwema sana, hana siri, ukimwambia jambo asubuhi jioni unasimuliwa wewe mwenyewe na mtu wa Kabuchai. Je, nimwambie bwana yangu? Je, ninyamaze niizike hiyo kofia? Au nirudi kwa wazazi wangu Kibabii mpaka jambo lipoe? Naogopa boma hili litanikataa, na nalipenda. Nijibu upesi.

Mimi mwenye aibu,
Mama Cherehani

*

Bi Zuena anajibu:

Mwanangu Mama Cherehani,

Umeniomba nisikucheke. Umechelewa, nilikwisha cheka mpaka mume wangu Osman akaja kuuliza kuna nini. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, na jina la bwana yako nimelifuta mara sita, maana umeliandika mara sita kwenye barua ya siri. Sasa pangusa machozi, nikukemee kidogo halafu tutengeneze mambo.

Kwanza, acha maneno ya Kibabii. Mtu aliyemkosea mkwewe hakimbilii kwa mama yake, maana wote watakaoachwa nyuma watatunga hadithi yao, na itakuwa mbaya kuliko ya mwiko. Na kofia ya mtu haizikwi. Amekufa nani?

Pili, unadhani mzee amekasirika. Nani amekuambia? Umeona hasira wapi? Mtu mwenye hasira angemwita mwanawe kutoka Kitale kesho yake, angeita wazee wakae, na wewe ungekuwa umekwisha kutoa kondoo wa faini. Huyu amemsingizia ng'ombe. Amemsingizia ng'ombe wake mwenyewe, mwanangu, ili wewe usichekwe sokoni. Mkweo haoni hasira, anaona haya. Alikutwa nyuma ya chumba cha mkaza mwana wake amechuchumaa, na hajui wewe ulifikiri nini. Hajui kama uliziona zile fito. Anapita kinamasini kwa sababu hiyo, na kuku alimshinda kwa sababu hiyo. Wewe umekaa kwako unangoja kuhukumiwa, naye amekaa kwake, upande wa pili wa migomba, anangoja vile vile. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimewapenda nyote.

Tatu, mama mkwe wako. Unaogopa kumwambia. Hebu niambie, mwanamke aliyelala na mume miaka thelathini, akamkanda bega kwa maji ya moto kila jioni, hajui kutofautisha kwato na mwiko? Anajua! Alijua siku ile ile. Na huyu ndiye unayesema hana siri. Kuna mtu wa Kabuchai aliyekuja kukusimulia habari hii? Hakuna. Basi mama huyo, ambaye umemwandika vibaya kwenye gazeti, ameushika mdomo wake siku zote hizi, na sidhani kama amewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Ameifanya kwa ajili yako. Mwombe radhi na wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa kofia sandukuni, ifute udongo kwa brashi, usiifue itaharibika. Wewe ni fundi, mshonee utepe mpya wa kuizunguka, na ndani uweke kitambaa laini pale mwiko ulipopita. Mpelekee mama mkwe mchana, watu wakiwa shambani, ukae chini, umwambie yote hata kama anayajua. Halafu umpe maneno mawili ya kumfikishia mzee, usiongeze la tatu: "Pole, baba, nilidhani ni mwizi. Na asante kwa fito." Hilo la fito usilisahau, ndilo analolingoja.

Bwana yako mwambie mwenyewe siku akifika, akishakula, kabla hajavua viatu. Na barua yake uiweke mezani mbele yake. Nina neno kwake, kwa kuwa najua ghala lao wanasoma gazeti hili. Wewe karani, ukuta wa mkeo umekaa wazi wiki tano, mvua inanyesha na mwizi anajua kipimo, nawe unatuma shauri la kupiga watu kutoka Kitale? Baba yako amefanya kazi yako na amepigwa kwa maneno yako. Kipigo kile kilikuwa chako. Ukija, leta blanketi mbili, na dawa ya kuchua.

Sasa ulinzi, maana mwizi yupo kweli na sitaki ukae umeegemea kabati. Kukaa tayari si kukaa na rungu. Hapa Kitale, mwaka tulipoibiwa vyombo, nilipanga makopo matupu nyuma ya mlango kila siku kabla ya kulala. Osman akatoka alfajiri kwenda msikitini akayasahau makopo yangu, akaanguka nayo, na mtaa mzima ukatoka na marungu, hata mzee Kipketer aliye kiziwi. Osman alininunia siku nzima. Lakini siku hiyo nilijua nikipiga kelele watu watakuja, na tangu hapo nalala vizuri. Wewe hujui kama watu wako watakuja, kwa sababu kila Jumapili mnaondoka wote kijiji kizima mnamwachia mwizi makufuli yanayong'aa njiani kumwambia hakuna mtu. Ongea na Dinah na majirani wa pale, kila Jumapili nyumba moja ibaki, kwa zamu, Mungu hatakasirika. Cherehani isikae dirishani ambapo kila mteja na rafiki wa mteja anaiona, ihamishe usiku na mchana iwe pembeni, uifunge kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Chini ya ukuta wa nyuma panga mawe mpaka yafike magotini, udongo mtupu hauzuii panga. Tafuta mbwa, na asiwe mpole. Na ukiona mtu, kabla ya mwiko, mwite! Uliza kwa sauti "Nani huyo?" Mwizi atakimbia, na baba mkwe atakohoa. Ungeuliza neno hilo moja tu, mimi nisingekuwa na barua hii.

Jambo moja limenishangaza. Umeniandikia kurasa nne juu ya kofia, na tundu hukuniambia limefikia wapi. Mimi nitakuambia. Zimefungwa fito mbili na nyingine ziko chini zinanyeshewa, maana yeye anaona haya kurudi na wewe unaona haya kuzigusa.

Basi kofia ikishafika kwake, ngoja Jumapili. Zikusanye zile fito uziegemeze ukutani na kamba zake na panga lake. Teka maji, kanyaga udongo mpaka uwe laini, uuache hapo kwenye ndoo umefunikwa. Zamu ya kulinda siku hiyo usimpe Dinah wala mtu mwingine, mlinzi unaye. Vaa vizuri, pita katikati ya njia huku unaimba ili asikie umeondoka, na ukifika kijitoni usirudi. Hata moyo ukataeje, usirudi. Kaa kanisani mpaka mwisho, hata matangazo.

Ukitoka, usipitie mlangoni. Zunguka nyuma. Ukikuta fito zimefungwa, ujue yamekwisha. Kunja mikono ya gauni lako, ukandike.