Radhi ya Bi Zuwena

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, mkono tu umezoea kuanza hivyo.

Leo ni siku ya tisa tangu tukuzike na sijalia bado. Watu wanadhani nina moyo mkubwa, kumbe nimekauka tu. Nakula nikiambiwa nile. Jana nimezifua kanzu zako zote, nikazipiga pasi, nikazitundika, ndipo nikajiuliza nimempigia pasi nani.

Hapa Ibra, Omani, wanamjua Bwana Seif wa ofisi ya maji, mzee mpole wa kugombana kwa sauti ya chini. Hawajui kwamba kule Unguja, nchi ilipopinduka, ulikuwa mkubwa wa kikundi cha siri, na vijana wenye bunduki wakikuita Kamanda hali hujafika hata miaka thelathini. Mimi nilijua vipande vipande. Hukuwa ukiupa mlango mgongo. Tukienda Sur kula samaki, lazima meza uchague wewe, sisi tumesimama na njaa zetu. Nikikutania, "Baba, nani atakuja kukukamata, mpishi?" Ulicheka mara moja tu.

Kisha ile Ijumaa ya mwisho, hospitalini Nizwa, ukanishika mkono ukanieleza habari ya Nassor, kijana wa kikundi chenu. Mlidhani anapeleka habari serikalini. Amri uliitoa wewe. Akauawa, akafukiwa nyuma ya kisima cha shamba la babu kule Unguja, bila sanda wala sala. "Hakuwa yeye," ukasema. Mlikuja kujua baadaye. Ukanitaka nisimwambie mtu, nami nikakubali upesi upesi, kama ninayetumwa dukani.

Unaijua ada yetu. Kabla hujazikwa, kaka Hilali alisimama msikitini akakuombea radhi: mwenye haki juu ya marehemu ajitokeze, na asiye nayo amsamehe. Wanaume wakajibu wamesamehe, kama wanavyojibu siku zote. Na mimi nyumbani, siku tatu za azaa, yaani matanga, kila mwanamke aliyeingia nilimwomba vile vile huku nikimmiminia kahawa. Maneno yalikuwa yakitoka yenyewe.

Siku ya tatu akaingia mwanamke mtu mzima, amechoka na safari ya kutoka Sur. Nikamwambia, "Bibi, msamehe Baba." Hakupokea kikombe. Akasema, "Mimi Zuwena, dada yake Nassor aliyekuwa chini ya baba yako kule Unguja. Nataka kujua ndugu yangu kalala wapi, basi. Nikijua, nitasamehe."

Nami, Baba, nikamtazama machoni nikasema, "Wallahi sijui."

Nimeapa uongo kwenye azaa yako, buli la kahawa mkononi. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea subira, akaondoka. Hakusamehe.

Nimemweleza Hilali yote. Anasema tuyaache, ni mambo ya zamani, tusilichafue jina lako. Labda kasema kweli. Lakini nikilala namwona yule bibi akishuka ngazi zetu peke yake, ameshika ukuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza.

Nadhani nimekukasirikia. Hata hasira inanijia imepoa, kama chai iliyosahauliwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha gari barabara ya Izki, ukiushikilia mlango kwa mikono miwili na kuniambia naendesha vizuri sana. Na wewe ndiye uliyetoa amri ile. Nimejaribu kuwatenganisha watu hawa wawili, sikuweza, na nimechoka. Nakupenda. Hilo halikusaidii kitu, lakini nakupenda.

Asubuhi hii nimeitafuta namba ya Bi Zuwena, nikampigia simu. Hakuuliza kitu, alisema tu, "Njoo, mwanangu." Kesho nitakwenda Sur mwenyewe. Nitamwambia ni nyuma ya kisima, na shamba lilipo, na kwamba ndugu yake hakumsaliti mtu. Nitamwambia nilimwapia uongo. Nitaomba radhi yangu kwanza, kisha yako. Akitoa, alhamdulillahi. Asipotoa sitamlazimisha, nawe itabidi umsubiri.

Kwaheri, Baba. Ahadi niliyokupa Nizwa naivunja. Nakupa nyingine badala yake: kila Ijumaa, maadamu niko hai, nitakuombea dua. Nassor nitamtanguliza.

Binti yako,
Salma