Mtumbwi wa Rubisi Mbele ya Darasa

Shuleni, karibu na Rubwera

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za mgongo wako na za kahawa, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani, hata mama: nataka kusoma fizikia. Niliogopa kulisema kwa sababu huku wananiita Bubu. Tangu nifike sikuwahi kunyoosha kidole darasani. Majibu ninayo, lakini nikisimama Kiingereza kinakimbia, na sauti inakifuata.

Sasa mwalimu wetu wa fizikia alitangaza kwamba anayetaka mchepuo wa sayansi kidato cha tatu lazima asimame mbele ya wenzake, aeleze jambo moja na kulionyesha kwa vitendo. Asiyesema hapati nafasi. Mimi nikapangiwa mawimbi. Kitabuni kuna picha ya chombo cha kioo cha kuonyeshea mawimbi ya maji, ila shule yetu haina. Nikakumbuka mtumbwi wako wa kukamulia ndizi. Unakumbuka mama alivyokuwa akinituma kuusuuza, nami nachelewa? Nilikuwa naugonga kwenye ncha moja nitazame maji yanavyokimbia hadi mwisho na kurudi.

Jirani wa shule, mzee anayetengeneza rubisi, pombe ya ndizi, kama wewe, alikubali kutuazima mtumbwi wake, mradi urudi kabla hajakamua Jumamosi. Tuliubeba mimi na Deogratias, yule mvulana mrefu aliyenipa jina la Bubu, akinicheka njia nzima. Langoni tukakutana na mkuu wa shule, ambaye hataki hata kusikia harufu ya pombe.

"Konsolata," akasema taratibu, "hata wewe?"

"Ni wa fizikia, mwalimu."

"Fizikia inanuka hivi?"

Deogratias alicheka mpaka akaachia upande wake. Mkuu akasema atakuja kuiona hiyo fizikia kwa macho yake, na kama ni uongo tutapalilia migomba ya shule hadi likizo.

Tuliuweka nje, tukaujaza maji, darasa zima likauzunguka. Nilianza kwa Kiingereza, sentensi ya kwanza ikakatika katikati. Nyuma kule mtu akasema, "Bubu." Mwalimu akaniuliza kama nyumbani kwetu upo mtumbwi wa namna hii. Nikajibu upo, wa baba.

"Basi mweleze baba yako," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nikakueleza wewe. Niliwageuzia mgongo kidogo, nikadondosha buni kavu katikati ya maji, nikauliza wimbi likija litaipeleka wapi. Wote wakasema mwisho wa mtumbwi. Nikagonga. Buni ikapanda, ikashuka, ikabaki palepale. Nikasema wimbi halihamishi maji. Maji yanapokezana mtikisiko tu. Deogratias akabisha kwamba nimegonga kinyonge. Akagonga yeye, maji yakamrukia shati. Wimbi lake lilikuwa refu kwenda juu kuliko langu, lakini halikufika mwisho mapema kuliko langu, na buni ilirukaruka ikatulia ilipokuwa. Nikaeleza kwamba nguvu ya kugonga huongeza kimo cha wimbi, si mwendo wake. Ukigonga harakaharaka mawimbi husongamana, ukigonga polepole huachana. Nilikuwa nimesahau kuogopa.

Mkuu wa shule akauliza, mawimbi mawili yakikutana lipi hushinda. Nikamwomba apige magoti upande wa pili. Akapiga, na suti yake ya kaunda. Tukagonga kwa pamoja. Mawimbi yalipokutana katikati, buni iliruka juu kuliko mara zote, kisha kila wimbi likaendelea na safari yake, kama watu waliosalimiana njiani wakapishana. Mkuu akasema, "Tena." Tukarudia mpaka kengele ya chakula ikalia. Nikawaambia hata sauti ya kengele ni wimbi, lakini walikuwa wameshakimbilia maharage.

Baba, nimepata nafasi. Mwalimu alinipa mkono mbele ya wote.

Hapa mvua inanyesha vizuri. Je, huko nyumbani Chonyonyo? Nisalimie mama, mwambie sweta bado inanitosha. Msalimie bibi, na kaka anayekusaidia shambani, na shangazi wa Ihembe aliyenifungia mizigo. Mdogo wangu mwambie mtumbwi wetu ausuuze taratibu, asikimbilie kumaliza.

Jioni niliusuuza ule wa mzee, nikachelewa kidogo kama kawaida. Deogratias akashika mbele, mimi nyuma, tukaurudisha. Njiani aliniita Konsolata. Nikanawa mikono, nikakaa kitandani, nikakuandikia.

Ni mimi binti yako,
Konsolata