Glasi ya Bwana Unga na Mmea wa Mama Mkwe

Chumba cha juu, mlango wa kijani,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, Shangazi yangu wa pekee. Goti linaendeleaje? Bado linakuambia mvua inakuja kabla mawingu hayajajua? Na binamu yangu mdogo ameacha kutafuna penseli, au bado anarudi shuleni na kifutio peke yake? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, tunachekana.

Ukiniuliza habari za ndoa, sijui nianzie wapi. Ninaye mume anayeamka kabla ya jogoo kwenda kuoka mikate, na anaporudi ana unga hadi kwenye nyusi. Namwita Bwana Unga. Hunionya kwamba nikimkumbatia nitachafuka, nami nachafuka makusudi. Basi usinicheke. Wewe mwenyewe uliniambia mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini sisi tumeyaficha kidogo tu, Shangazi, na yameozesha mizizi. Hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, maana mpaka leo kichwa changu hakijatulia.

Unaukumbuka ule mmea aliotupa mama mkwe siku ya harusi? Ule unaotambaa, wenye majani kama mioyo. Mmea mama uko sebuleni kwake, umezunguka dirisha lote, na kila mtoto wake akioa au akiolewa humkatia tawi. Wa wifi yangu umestawi mpaka unagusa sakafu. Wetu niliuweka juu ya kabati la vyombo ili uteremke kama pazia. Nikautazama nikasema, ile pale ndoa yangu, inatambaa.

Ukaanza kugeuka manjano.

Nikampigia wifi, nikajifanya naulizia tu habari za mmea wake. Akasema wake ukilegea anajua una kiu. Wangu ulikuwa umelegea, basi nikaumwagilia. Ukalegea zaidi. Nikamwita fundi cherehani wa chini. Akatia kidole kwenye udongo, akakinusa, akasema, “Dada, huyu umemzamisha.” Akanielekeza nisimwagilie mpaka nitie kidole hadi kiungo cha pili na kitoke kikavu. Hapo ndipo nimimine maji mpaka yatoke kwenye tundu la chini, kisha yaliyobaki kwenye sahani niyamwage, mmea usilale na miguu majini. Sasa huyu anasema kiu, yule anasema kuzama, na dalili ni ile ile moja. Ungekuwa wewe ungemwamini nani?

Nilimwamini fundi kwa sababu alitumia kidole. Nikaacha maji kabisa. Na hapo ndipo akili iliponiruka, maana kila nikirudi kazini nikitia kidole, udongo umelowa. Simwagilii, na udongo umelowa. Nikashuku paa. Nikamwomba Bwana Unga apande aangalie kama linavuja, ila sababu sikumwambia. Akapanda na unga wake, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema paa ni zima. Nikauhamishia mmea kwenye stuli, ukalowa. Nikauhamishia dirishani, ukalowa. Nikaanza kuwaza labda kuna mimea inayotoa jasho.

Ningemwambiaje, na ule ni mmea wa mama yake? Majani ya manjano niliyachuma nikayaficha chini ya maganda ya vitunguu. Hata hayo yalinichanganya. Naondoka asubuhi nimeyaona mawili ya kuja kuchuma, jioni siyakuti.

Halafu mama mkwe akasema anakuja kututembelea. Niliwaona kabisa watu wa ukoo mzima wakisema kijana wao ameoa mwanamke aliyeshindwa na tawi, na aliyeshindwa na tawi mtoto atamweza wapi.

Akaja Jumamosi moja mwezi wa nne. Akanywa chai, akasifu mapazia, kisha akaenda kusimama mbele ya mmea. Akainua jani, likabaki mkononi mwake. Akatia kidole. Akatugeukia, akauliza kwa upole, “Nani anaumwagilia?”

“Mimi,” nikasema.

“Mimi,” akasema Bwana Unga, papo hapo.

Tukatazamana. Nilidhani ananikinga, naye akadhani namkinga. Mama mkwe akavuta kiti, akatutaka tueleze mmoja mmoja. Kumbe mume wangu hakuwahi kuniona nikimwagilia, kwa sababu nilikuwa nafanya hivyo akiwa kazini. Alipoona manjano akajua nimesahau, na hakutaka niaibike mbele ya mama yake. Akawa anayachuma majani yeye pia, na kila alfajiri kabla ya kutoka anaupa mmea maji ya glasi iliyo kando ya kitanda.

Shangazi, glasi hiyo naijaza mimi. Namwekea kila usiku na kuifunika kisahani, maana mwoka mikate hukauka koo. Kila asubuhi nilikuwa nikiikuta tupu moyo unanijaa, nasema mume wangu amekunywa mapenzi yangu. Kumbe nilikuwa nauzamisha mmea kwa mkono wa mume wangu, huku natabasamu. Mpaka sasa sijui nilie au nicheke.

Mama mkwe yeye alijua. Alicheka mpaka akavua miwani. “Wengine huua kwa kusahau,” akasema. “Nyinyi mmeua kwa kudekeza.” Akauchomoa, mizizi ikawa myeusi na laini kama ndizi iliyosahauliwa. Akakata ncha mbili zilizobaki kijani, akaomba chombo cha maji. Bwana Unga akaleta ile ile glasi.

Baada ya wiki chache zikatoa mizizi humo, myeupe kama uzi, tukazipanda kwenye udongo mpya. Ungedhani mambo yameisha. Mimi nikajizuia nisimwagilie nisije nikazidisha, naye akajizuia aniachie mimi. Zikalegea. Safari hii ilikuwa kiu kweli, na sisi tulikuwa tunapita mbele yake kwa adabu kubwa.

Kwa hiyo leo asubuhi tumetia vidole pamoja. Cha kwake kikasema pakavu, changu kikasema bado. Labda tanuri limemharibia vidole, labda mimi ndiye mwoga wa maji, sielewi. Tumebishana pale, vidole viwili chunguni, mpaka chai ikapoa. Tumekubaliana kwamba hakuna maji mpaka vidole vyote viwili viseme neno moja. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi, Shangazi? Niambie, maana sina wa kumwuliza.

Tukiwa hapo hapo mama mkwe akapiga simu. Nikamwambia kuna jani jipya limechomoza, bado limejikunja. Akauliza nani anaumwagilia sasa. Tukasema kwa pamoja, bila kupanga, “Sisi.”

Nisalimie baba mdogo, nisalimie na binamu mla penseli. Bwana Unga anakuamkia. Glasi yake ya maji siku hizi namwekea kando ya kofia yake ya kazi, ili asitoke bila kuinywa. Mungu alipe goti lako nguvu likulete huku, uje ututilie kidole cha tatu.

Wako akupendaye, mwenye udongo kwenye kucha na unga kwenye gauni,
Kidomo wako